Mvua ya Pwani, Siku ya Nne

Simu yangu imeng'ang'ania kunipa hali ya hewa ya pwani. Sijui nani aliiweka hivyo, labda mpwa wangu katika michezo yake, na mimi sijui kuibadilisha. Kila asubuhi naamka hapa Kindu, ndani kabisa ya Kongo, naambiwa kwamba juma hili ukanda wa pwani utapata mvua za wastani, upepo wa kusi, na wavuvi wajihadhari na mawimbi. Walimu wenzangu wananicheka: hujui kama kesho hapa mtaani Kasuku kutanyesha, lakini mawimbi ya watu unayajua. Nacheka nao. Ila nikiliona neno mvua naifunika simu kwa kiganja, na sababu yake, ukimtoa bibi yangu, sikuwahi kumwambia mtu mpaka mwaka huu.

Miaka ya vita tulifungiwa mjini. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto Lualaba. Kule kulikuwa na wenye bunduki, huku kwetu kulikuwa na wenye bunduki wengine, na wote walitaka kujua mwanamke anayevuka anampelekea nani chakula. Kuvuka jua likiwaka ilikuwa kujitafutia kifo. Mvua ikinyesha ilikuwa habari nyingine, maana askari hapendi kulowa. Mvua ikishuka, wanajibanza kwenye baraza za watu, wanawasha moto, na wanawake wanavuka kwa mitumbwi, wanang'oa mihogo haraka haraka na kurudi kabla haijakatika. Basi mtaani kwetu swali lilikuwa moja tu, mvua itanyesha lini, na wa kulijibu alikuwa Bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba. Babu yake alifika Maniema kwa miguu pamoja na Waungwana, watu wa misafara ya pwani, na Bibi alikisimulia kisa hicho kana kwamba aliwapokea yeye mwenyewe mlangoni. Aliamini kila kitu cha maana kilitoka pwani: dini, mchele, kanzu, Kiswahili chenyewe, na mvua pia. Hesabu yake ilikuwa hii: mvua inayonyesha pwani leo, siku ya nne iko kwetu. Nilimuuliza mara moja kwa nini iwe ya nne.

"Babu yangu alibeba mizigo," alisema. "Mvua haina muzigo. Njo maana inakuja mbio."

Hesabu tamu, ila haikuwa na ukweli hata chembe. Leo nafundisha jiografia, najua. Lakini Kindu katikati ya masika hata mbuzi angetabiri mvua akapatia. Bibi alipatia mara tatu, mara nne, na watu wakazisahau alizokosea. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu dalili ya mvua ilikuwa redio ya Bibi.

Kila Jumamosi alasiri kituo kimoja cha pwani kilisoma utabiri wa juma lijalo. Betri zilikuwa adimu. Tulizianika juani, tukaziuma kwa meno zipate nguvu kidogo, na sauti tuliiweka chini kabisa. Masikio ya Bibi yalikuwa mazito, kwa hiyo msikilizaji nilikuwa mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nililala kifudifudi mkekani, sikio juu ya redio, nikawa natamka ninayoyasikia. Wanawake walikaa kunizunguka kimya, na mimi nilijiona mkubwa sana. Nakiri, nilikuwa na maringo.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa mwisho wa masika, mvua zimeanza kupungua. Siku ya tatu tulikuwa tunakula sombe tupu, majani ya muhogo bila muhogo wenyewe. Baba alikuwa mji wa Kalima, vita vimemfungia huko. Mama alikuwepo uani, na karibu naye jirani yetu, mshona nguo, mjane mwenye binti mmoja wa rika langu. Jirani huyo aliogopa mto kupita kiasi. Hakuwa amevuka hata mara moja tangu tufungiwe.

"Kama mvua iko, nitakwenda," alisema. "Kama haiko, siendi, hata tufe na njaa."

Msomaji wa redio akaanza: utabiri wa juma lijalo, ukanda wa pwani, Jumapili. Hapo betri zikakata roho. Hakuna hata mkoromo. Nilibaki na sikio juu ya kasha lililokufa, na macho yote yalikuwa kwangu.

"Inasema nini?" Bibi akauliza.

Ningeweza kusema imezima. Hakuna ambaye angenipiga. Lakini nilikuwa na njaa, na nilijua bila mvua hakuna anayevuka, na bila kuvuka hakuna muhogo.

"Mvua kubwa," nikasema. "Jumapili. Pwani yote." Kisha, kwa kuwa mwongo hashibi uongo wake, nikaongeza: "Na radi."

Bibi akahesabu kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. "Jumatano," akasema, na jirani akainamisha kichwa, akakubali.

Jumatano Mama na jirani walivuka alfajiri na wenzao, wamejificha katika ukungu wa mto. Mvua ingewafunika baadaye, wakiwa shambani na wakati wa kurudi. Saa mbili ukungu ukaondoka. Saa nne mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu hata la ukubwa wa kitambaa. Binti wa jirani alikuwa kwetu, anatwanga majani, na kila mara alitazama juu kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyesikia redio. Aliniuliza kama ilisema asubuhi au mchana. Nikamwambia mchana.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Bibi chumbani, nikamwambia yote, betri, njaa, radi.

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alisukuma mlango ukafungika.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi funga kinywa."

Akachukua maji akatawadha, akatandika mkeka wake uani, juani, akaomba mvua. Jasho lilimchuruzika chini ya mtandio. Nilisimama kwenye kizingiti, nimeshika mlango, nikaitikia amina bila sauti. Saa nane bunduki zikalia ng'ambo. Si nyingi. Binti wa jirani aliacha kutwanga, akashika mchi mkononi vilevile, hakuuweka chini wala hakuuinua.

Mama alirudi saa kumi na moja, bila kikapu, mguu mmoja na kandambili na mwingine bila. Binti wa jirani alitazama nyuma ya Mama, akatazama njia yote mpaka mwisho wake. Mama alimkumbatia kwa nguvu, akasema, "Jua lilikuwa kali mno. Walituona toka mbali."

Nilimshika mama miguuni. Nilifurahi kwamba amerudi wa kwangu, na furaha hiyo naionea haya hadi leo.

Matanga ya jirani yalifanywa bila maiti. Siku ya tatu, wanawake wamekaa mikekani, mmoja akasema kwa sauti: nani aliwaambia kuna mvua? Wakageuka kunitazama. Nilifungua kinywa, nakumbuka kabisa nilikifungua, na vidole vya Bibi vikanibana mkono hadi machozi yakanitoka. Akasimama, mzee yule, akiegemea ukuta.

"Mutoto alisema kweli. Redio ilisema jua. Mimi njo nilibadilisha, sababu nilitaka mihogo. Kosa ni yangu."

Mama alijua si kweli, alikuwepo nilipotamka. Alitazama mkeka. Wengine, wengi wao hawakuwa uani Jumamosi ile, walitosheka na neno la mtu mzima, na kama kuna aliyekumbuka vingine, alinyamaza. Binti wa jirani alikuwepo pia Jumamosi ile, lakini siku hizo za matanga hukuweza kujua anasikia nini na hasikii nini. Alimtazama Bibi tu. Baadaye shangazi yake alikuja akamchukua, wakaenda kuishi mtaa mwingine.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Wala iliyofuata. Bibi aliyekuwa akiulizwa kila jambo akawa anapitwa njiani bila salamu, na baadhi ya watoto walimwita mchawi wa mvua. Niliwarushia mawe. Hilo ndilo lililokuwa tendo langu la ujasiri. Bibi alifariki miaka minne baadaye, na wazikaji walikuwa wachache.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huu nilimkuta yule binti sokoni Kasuku, mwanamke mzima sasa, anauza samaki wa kukaushwa kutoka Lokandu. Huwa tunasalimiana, nanunua, naondoka. Siku hiyo aliona simu mkononi mwangu akaniuliza, kama wauzaji wote wanavyouliza, "Mwalimu, mvua iko wiki hii? Samaki yangu iko njiani."

Nikaitia simu mfukoni. Kisha nikamwambia pale pale, nimesimama, watu wanapita: kwamba redio ilizima, kwamba maneno ya mvua yalikuwa yangu, kwamba Bibi alibeba kosa lisilo lake. Nilingoja anitukane.

Alipanga samaki, wakubwa kwa wakubwa, wadogo kwa wadogo, hadi walipokwisha.

"Bibi yako alikuwa anakuja kwa shangazi kila Ijumaa, nyuma ya sala," alisema. "Anakaa inje, ku mulango. Anasema, mwanangu, unisamehe. Miaka mine. Sikumufungulia hata siku moya."

Sikuwa najua. Nyumbani hakuna aliyejua.

"Siku ingine mvua ilimukuta pale inje," alisema. "Nikamuangalia mu dirisha, vile inamunyeshea. Nikafurahi."