Pumzi ya Mashine ya Jackson

Mgongo ulipokataa kubeba kikapu cha chai, Debora Anyelwisye alitafuta kazi ya ufagio. Alikuwa na miaka arobaini na saba, watoto wake watatu walikwisha kujitegemea, na yeye na mumewe Amoni waliishi Lupepo, kwenye migomba inayopakana na mashamba ya chai. Kazi aliipata Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, kwenye jimu ya kijana aitwaye Jackson. Kila asubuhi alipiga deki, akafuta vyuma, akapanga mikeka, kisha akasimama kidogo mbele ya mashine ya kukimbilia. Hakuwahi kuipanda. Aliutazama tu ule mkanda mweusi, kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliye mbali.

Pale jimu hakuna aliyejua kwamba Debora aliwahi kuwa mkimbiaji. Akiwa kidato cha tatu alikimbia mita elfu tatu pekupeku, akawaacha wasichana wa mkoa mzima. Mwalimu Meshaki, aliyemfundisha mbio, alizoea kusimama mwisho wa uwanja na saa mkononi, akihesabu kwa Kinyakyusa ili walimu wa shule nyingine wasielewe. Barua ya kumwita kambini ilifika Jumatatu. Jumatano mama yake akapooza upande mmoja. Debora ndiye aliyekuwa binti mkubwa. Barua ilikaa ndani ya Biblia mpaka ikageuka manjano, na mwaka uleule akaanza kuchuma chai.

Mwezi wa sita, baridi ilipopamba moto, Jackson alirudi kutoka Dar es Salaam na mashine ya oksijeni. Ilikuwa kama jokofu dogo lenye magurudumu, na mrija laini wa kuweka puani. Akatundika bango: vuta robo saa, uchovu unaisha, ngozi inang'aa, mbio zinaongezeka. Si ya wagonjwa, alisisitiza. Ni ya wazima wanaotaka kuwa wazima zaidi.

Amoni aliposimuliwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama Isakwisa, hewa? Wageni wanapanda basi kuja kuvuta hewa ya Rungwe, yeye anatuuzia sisi?"

"Anasema hiyo imechujwa. Inaongeza mbio."

"Na wewe unataka kukimbilia wapi?"

Debora aliendelea kumenya ndizi, lakini lile neno la mbio lilikuwa limeshamwingia. Wiki nzima aliifuta ile mashine mara mbili kwa siku. Je, kama ni kweli? Kama kuna kitu kinachoweza kumrudishia kifua kile cha zamani, hata kwa robo saa tu?

Wateja hawakuja kama Jackson alivyotegemea. Jumamosi moja akaamua kutengeneza video ya kutupia mtandaoni.

"Mama, kaa hapa," alimwambia Debora. "Nataka watu waone mtu wa kawaida, siyo hawa masista duu."

Pembeni alisimama Tulinagwe, mwenye duka la vitenge jirani. Alikuwa amekuja kulipia hewa ya mwezi mzima, ila alitaka kwanza kuona.

Debora alivua kanga ya kichwani, akakaa. Moyo ulimwenda mbio kabla hata mashine haijawashwa. Jackson akamvisha mrija, akabonyeza kitufe, mashine ikaanza kunguruma polepole. Hewa ilikuwa kavu, ya baridi, yenye harufu ya plastiki mpya. Debora akafumba macho, akavuta, akashusha. Akavuta tena. Alikuwa anasubiri. Kifua kilibaki kilekile cha jana, lakini kule kusubiri kulimfungulia mambo mengine: vumbi la uwanja, nyayo zinazowaka moto, na sauti ya Mwalimu Meshaki inayomhesabia, ya kwanza, ya pili, bado kidogo binti yangu, bado kidogo. Machozi yakamtoka.

"Mnaona!" Jackson alisema huku akisogeza simu karibu. "Imeanza kufanya kazi! Mama, unasikiaje?"

"Nasikia hamu."

"Hamu ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Safi sana! Sema oksijeni imekupa nguvu."

Debora akafungua macho. "Hii hamu nilikuja nayo kutoka nyumbani, Jackson."

Tulinagwe akainama kidogo. "Dada yangu, niambie ukweli. Kuna tofauti?"

Debora alimtazama Jackson. Alijua kijana yule ameweka matumaini yake yote kwenye kile kidude. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe alitamani kuliko mtu yeyote pale kusema ndiyo.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Ningesikia, ningekwambia."

Tulinagwe alirudi dukani kwake. Jackson alizima simu, akatoka nje. Kwa siku tatu hakuzungumza na Debora ila kumwonyesha kwa kidole mahali penye uchafu, naye Debora alifagia akijua huenda kazi imekwisha.

Siku ya nne kijana alimkuta anakamua dekio.

"Mama, ile hamu uliyosema, uliwahi kukimbia kweli?"

Debora akamsimulia yote, uwanja, barua na jinsi alivyomlisha mama yake kwa kijiko miaka sita. Mwishowe Jackson akaingia stoo, akatoka na raba za bluu zilizosahauliwa na mteja fulani.

"Mimi mwenyewe naivuta kila siku," alisema taratibu, "nami sisikii kitu." Akampa zile raba.

Kesho yake alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia chai, Debora alizivaa. Zilimpwaya kidogo, akakaza kamba. Alikimbia mlima wa kwanza wa barabara ya mashambani, akaumaliza. Katikati ya wa pili pumzi zikamwishia, akasimama mikono magotini, kifua kinawaka, mvuke unamtoka mdomoni. Bibi mmoja aliyekuwa anapeleka maziwa akamuuliza nani anamfukuza.

"Hakuna, bibi," alisema Debora. "Ndaga," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Bibi akapita. Debora alitazama kilele cha ule mlima, pale barabara inapopinda na kupotea kwenye chai. Kilikuwa mbali kuliko alivyokumbuka. Akasubiri kifua kitulie, kisha akaanza tena, safari hii kwa kutembea.