Jora la Wanawake Liko Kwangu

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alisema wiki iliyopita kwamba upekuzi wa nyumba za mtaa huu utafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwamba wataanzia upande wangu. Aliyasema hayo akiwa amekaa kibarazani kwangu na kikombe cha chai isiyo na sukari. Hakuniangalia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mjane, mkazi wa Visiga, kandokando ya barabara ya Morogoro. Nauza chai, na maandazi siku unga ukipatikana. Naomba ukurasa huu wa ushauri ufiche jina langu. Majina mengine nimeyabadilisha.

Mtaa wetu ni mfupi. Ukitoka kwangu unavuka njia ya mchanga, unafika dukani kwa Mzee Shomari. Jirani yake ni Maganga, fundi baiskeli, kisha kinyozi, kisha bucha. Zamani mtu aliweza kunyoa, kuzibiwa pancha na kununua chumvi, akirudi akaikuta chai yake bado ya moto. Tangu msako wa walanguzi na wanaoficha bidhaa uanze, bucha imefungwa. Kinyozi alirudi kwao Kisarawe bila kuaga, kioo chake bado kinaning'inia ukutani. Duka la Mzee Shomari lina kufuli la serikali.

Kuna desturi hapa ambayo sisi tuliikuta. Bafta, kitambaa cheupe cha sanda, haiuzwi. Msimu wa korosho watu huchanga, yananunuliwa majora mawili. La wanaume linakaa dukani, la wanawake linakaa nyumbani kwa mwanamke. Zamani lilikaa kwa mama yangu, sasa liko kwangu. Na halitajwi. Kutaja sanda wakati hakuna aliyekufa ni kumwita mtu kaburini. Asiye na msiba akiuliza bafta anajibiwa "hakuna". Mwenye msiba haulizi. Anakuja, anasimama kimya, tunaelewa, tunakata.

Mwezi uliopita mgambo walifika dukani pamoja na ofisa mmoja mgeni. Aliyewaongoza ni Pazi, kijana wa mtaa huu huu, mtoto wa Bi Tatu. Ofisa aliuliza, "Mzee, una kitambaa cheupe?" Mzee Shomari akajibu alivyojibu miaka yote: "Hakuna."

Jora lilikuwa nyuma ya madebe ya mafuta ya taa, wakalikuta.

"Mzee mzima unaongopa," ofisa alisema.

Mzee Shomari alimtazama Pazi. Baba yake Pazi alizikwa kwa bafta iliyokatwa juu ya meza ile ile. Pazi aliinama, akalibeba jora begani, akatoka nalo.

Mzee Shomari yuko rumande mpaka leo. Mkewe hunijia kila baada ya siku chache. "Mdogo wangu, nenda ukawaambie ile ilikuwa ya maiti. Mimi mkewe hawanisikilizi. Wewe watakusikia." Naijua kweli yote. Lakini nikimaliza kueleza, swali litakalofuata ni moja tu: la wanawake liko wapi?

Maganga ni Mnyamwezi, mtani wetu. Zamani alikuwa akitupigia kelele kutoka kwenye spana zake: "Nyie Wazaramo, mkiwa hai mnavaa viraka, mkifa ndio mnataka kipya! Mimi nikifa nifungeni na mpira wa baiskeli." Nami nilimjibu, "Wewe tutakutia kwenye gunia, miguu ibaki nje watu wakutambue." Siku hizi anaziba pancha akiwa ameipa njia mgongo. Nikimsalimia anaitikia kwa kichwa.

Sasa Bi Tatu mwenyewe, mama yake Pazi, anaumwa. Tangu mvua zianze hajatoka kitandani. Kila asubuhi nampelekea uji. Juzi alinishika mkono, akaniuliza jambo lisiloulizwa.

"Mwanangu, changu kipo?"

"Kunywa uji, mama."

"Nimekuuliza. Kipo?"

Nikasema, "Kipo." Nilipogeuka, Pazi alikuwa amesimama mlangoni.

Kesho yake alikuja kunywa chai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama ameamkaje?"

"Vile vile." Akanywa. "Shangazi, Jumamosi ile ya upekuzi usisafiri. Nitakuja mwenyewe."

"Kwangu mtatafuta nini, Pazi?"

"Tunachotumwa."

Alimaliza chai, akakifudikiza kikombe juu ya meza, akaondoka. Sikujua kama alikuwa ananionya au ananitisha. Mpaka naandika sijajua.

Niliwaza kulipeleka jora kwa dada yangu aliyeko Msimbu. Lakini kwenye kizuizi cha barabarani mizigo yote inafunguliwa, hata mikeka. Dada mwenyewe aliniambia kwamba kwao mwanamke mmoja amezikwa na shuka la kitanda lenye maua. Nikilisalimisha kwa mjumbe, litafungiwa pamoja na lile la Mzee Shomari, na Bi Tatu atazikwa na nini? Likikutwa kwangu, nitaondoka kama alivyoondoka Mzee Shomari, na mlango wangu utatiwa kufuli. Nikinyamaza, mzee wa watu atafungwa kwa neno ambalo sote hapa tungelijibu.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, ningekuwa dada yenu au mama yenu mngeniambia nini? Niende kumsemea Mzee Shomari na kulitoa jora, au nikae nalo mpaka mwenyewe atakapolihitaji? Nijibuni mapema.

Leo Bi Tatu amekunywa uji nusu kikombe. Upekuzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kesi ya Mzee Shomari itatajwa Kibaha Jumatatu inayofuata.