Waliapa Wasiulizane Njaa

Mwanaume alitia mikono yote miwili ndani ya tanuri linalowaka.

Mchana kweupe. Watu wakimwangalia.

Hakuwa amelewa. Hakuwa anataka kujiua. Alikuwa anatafuta mkate.

Watu walisema ni kichaa, wengine wakatoa simu warekodi. Sawa. Lakini kabla hujacheka, kaa hapo kwanza nikupe stori ya mke wake. Ni binamu yangu, na ameniruhusu niseme.

Anaitwa Akal. Mturkana wa Lodwar, mrefu, mdomo wake haulali. Alihamia Kakuma mjini, kando ya kambi ya wakimbizi, kutafuta biashara, akakuta biashara imekufa. Chakula cha msaada kambini kilikuwa kimepunguzwa, na mkimbizi asipokuwa na kitu, mwenye duka naye hana.

Hapo ndipo alipokutana na Zéphyrin.

Zéphyrin ni Mkongomani. Zamani alifundisha falsafa chuoni huko Bukavu. Sasa alikuwa anakanda unga, mikono myeupe pe mpaka viwikoni, na mdomoni maneno makubwa makubwa.

Alikuwa amejenga tanuri la udongo ukingoni mwa kambi, yeye na Adhel, mjane kutoka Sudan Kusini. Walitafuta wenzao. Mkimbizi, mwenyeji, haijalishi. Akal akaingia. Kon, fundi wa baiskeli, akaingia. Kijana mmoja mwenye misuli anayeitwa Nyuon naye akaingia, na wengine wachache.

Tanuri halikuwa la mtu. Mikate mingine waliuza ili wapate unga na kuni. Iliyobaki waligawana. Lakini si sawa kwa sawa.

"Kila mutu anatoa nguvu yenye iko nayo," Zéphyrin aliwaambia, "na kila mutu anapata kadiri ya shida yake."

Kon akakunja uso. "Mwalimu, hiyo si ni ile ukomunisti? Ya watu hawaamini Mungu?"

"Jina uliite vile unataka. Mimi naanza na swali moja tu: mutu ni nini? Kama ni kitu ya kuuza na kununua, basi mwenye hana nguvu tumutupe. Kama ni ndugu, njaa yake ni yetu."

Adhel akasema hata Wakristo wa kwanza waliweka vyote pamoja.

Muda mfupi baada ya Akal kujiunga, Zéphyrin na Adhel walileta sharti jingine. Hakuna kuulizana. Ukisema unahitaji mikate mitatu, unapewa mitatu. Hakuna cha kwa nini.

"Huko kwa foleni ya msaada tunaweka kidole kwa mashine, ndio waamini tuko na njaa," Adhel alisema. "Hapa, hapana."

Wote wakaapa.

Mwanzoni mambo yalikuwa poa kweli. Akal aliniambia hajawahi kufanya kazi nyingine ambayo hakujiona punda wa mtu. Alikanda, alipasua kuni, aliimba. Akirudi nyumbani, mgongo unauma lakini roho imetulia.

Halafu mikate ikaanza kutotosha.

Nyuon aliishi peke yake, hana mke, hana mtoto, lakini alikuwa anabeba mingi kuliko Adhel mwenye wajukuu. Akal akamfuata kimyakimya mpaka nyuma ya soko. Akamkuta anaiuza. Pesa anabeti mpira.

Akal aliwaka. Akaitisha kikao palepale kando ya tanuri.

"Nyuon, shida yako ni gani?"

Nyuon akacheka. "Si tulisema hakuna kuulizana?"

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu.

"Mwalimu!" Akal akamgeukia Zéphyrin. "Si ulisema tunakataa watu wa kula jasho la wengine? Huyu anakula jasho langu nikimuona! Huo ndio usawa?"

Zéphyrin alijibu polepole. "Mwizi tumuondoe. Lakini sharti tusiliguse."

"Kwa nini? Mwenye shida ya kweli anaogopa nini? Kuanzia leo, ukitaka zaidi ya mkate mmoja, eleza. Tukiwa na wasiwasi, watu wawili waende kwako waone."

Adhel akamwangalia sana, akamwita kwa jina la binti yake. "Mama Nakaale, fikiria vizuri."

"Nimefikiria."

Kura ikapigwa. Waliokataa ni wawili tu, Zéphyrin na Adhel. Wakaulizwa sababu, wakatazama chini. Akal akajua wameishiwa hoja. Nyuon akafukuzwa, na watu wakampigia Akal makofi.

Sasa sikia.

Akal mwenyewe alikuwa anachukua mikate minne kila siku.

Wenzake walijua anaishi na binti yake mdogo tu, Nakaale. Mumewe, Lokiru, yuko Lodwar anaendesha gari la ofisi. Ndivyo alivyowaambia.

Uongo mtupu.

Lokiru alikuwa ndani ya nyumba. Alirudi kutoka Lodwar akili imevurugika, anasikia sauti, anaogopa hata kivuli chake. Hospitalini walimpa dawa. Dawa ikamtuliza, lakini ikamletea njaa isiyoshiba. Anakula, anamaliza, anatafuta tena.

Akal alimficha, akitoka anafunga mlango kwa kufuli, kwa sababu ndugu zake Lokiru walitaka kumchukua wampeleke kijijini kwao Lowarengak. Walisema amelaaniwa, hizo dawa ni upuzi. Wangemwona tu, wangeondoka naye, Akal asimwone tena.

Utauliza, sasa mbona alijichimbia shimo? Hata mimi nilimuuliza. Akasema alijua hakuna atakayethubutu kumuuliza yeye. Si yeye ndiye aliyefanya kazi kuliko wote?

Haikupita wiki, Kon akauliza. Wala hakuwa na ubaya.

"Mama Nakaale, nyinyi ni wawili. Mikate minne inaenda wapi?"

Ule mdomo usiolala, siku hiyo ulilala.

"Nipe mmoja," akasema.

"Mama, hebu chukua..." Zéphyrin akaanza.

"Nimesema mmoja!"

Nyumbani unga uliisha. Nakaale alilia mpaka sauti ikakauka. Lokiru alilamba sufuria tupu, akaiweka chini, akaiokota tena. Akal akaacha kula kabisa ili wao wapate. Baada ya siku mbili tatu akaanguka akikanda, akasingizia jua.

Mara ngapi alitaka kusema? Nyingi. Maneno yakifika kooni, anaona shemeji zake mlangoni.

Siku ya mkasa alikuwa ameenda sokoni kukopa unga. Lokiru akaupiga teke mlango mpaka kufuli likang'oka. Akafuata harufu. Akapita katikati ya watu, kifua wazi, hakumsalimia mtu, akafika kwenye tanuri.

Mengine ulishayasikia.

Akal alikuja mbio kwa kelele. "Msimpige! Ni mume wangu! Ni mume wangu!"

Hakuna aliyekuwa anampiga. Zéphyrin alikuwa amepanua mikono, anawazuia wenye simu. Adhel alikuwa amekaa mchangani na yule mwanaume, anamwagia maji mikononi.

"Lokiru, tulia. Lokiru, ni mimi, Adhel."

Na Lokiru, anayeogopa watu wote, akatulia.

Akal akasimama kama amepigiliwa msumari.

Huko hospitalini, Lokiru akifungwa bendeji ndani, wanawake hao wawili walikaa kwenye benchi. Akal akashindwa kuvumilia.

"Unamjua?"

"Tangu ulipojiunga," Adhel akasema. "Nilikuletea unga, haukuwa nyumbani. Akanisalimia kwa dirisha, 'ejok.' Nikamjibu ejok. Nikaona ni mgonjwa. Nikaona kufuli. Nikamwambia Mwalimu peke yake. Nimekuwa nikipita kumsalimia."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulisema yuko Lodwar. Tukaona unataka awe Lodwar."

Kisha akamaliza.

"Lile sharti la kutoulizana. Ulidhani limetoka kwa vitabu vya Mwalimu? Tulilitunga kwa ajili yako."

Akal alihisi benchi linazama. "Na siku ya kura? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, dada yangu? Ningekuteteaje bila kukuvua nguo mbele ya watu?"

Mikono ya Lokiru imepona, isipokuwa vidole vya kushoto havinyooki tena. Ndugu zake waliona video, wakaja. Zéphyrin, Kon na Adhel walisimama mlangoni na Akal mpaka wakaondoka. Wamesema watarudi.

Mikate minne anapewa sasa bila swali, na anasema inamkaba, kwa sababu kila mtu anajua inakwenda wapi. Kuhusu sharti, mpaka leo wanabishana. Kon anasema likirudi, kina Nyuon nao watarudi. Siwezi kusema amekosea.

Mimi si mkomunisti, na mambo ya falsafa naachia wenyewe. Nyuon alikuwa mwizi, hilo halibadiliki.

Lakini nimejifunza hivi, ndugu yangu: mwizi huja na maelezo tayari. Anayeshindwa kueleza, mara nyingi ndiye mwenye njaa.