Kifuniko cha Kamera ya Baba Moraa

Kerubo hakuwa mtu wa hasira kabla ya kuolewa na Shem, na hata Shem mwenyewe angelikubali hilo. Hasira alizikuta kwenye mchele. Jioni moja alirudi kutoka Stafford, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa muuguzi, nyayo zikimwaka moto. Akafungua ndoo ya mchele ili apike, na kikombe kikagonga kitu kigumu. Akatoa lenzi ya kamera. Akachota tena, akatoa nyingine.

"Baba Moraa!" aliita. "Hivi ni vitu gani kwa chakula?"

Shem alikuja mbio, lakini si kwa ajili ya chakula. Alizipokea lenzi zake kwa mikono miwili na kuzipuliza vumbi la mchele.

"Ni hii humidity ya Houston," alieleza kwa upole. "Inaleta ukungu ndani ya kioo. Mchele unavuta maji. Hakuna mahali safer kuliko hapo, Mama Moraa."

"Na sisi tutakula nini?"

"Si mchele uko?"

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Kutwa nzima alikuwa Sugar Land akihudumia kompyuta za ofisi moja kubwa, mitambo mipya kabisa, halafu jioni alirudi nyumbani Alief kuabudu vyuma vilivyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Na angalau angependa kamera zote, mtu angemwelewa. Yeye alizitaka za Kijapani tu, tena zile za kale ambazo lenzi zake huzungushwa zikaingia kama kifuniko cha chupa ya jamu. Kamera hizo hulengi kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kidogo kilichoko juu yake, unamwona mtu mmoja amekuwa wawili, unazungusha lenzi mpaka wale wawili warudi kuwa mmoja, ndipo unabonyeza. Canon, Nicca, Leotax, Minolta: Kerubo aliyajua majina hayo jinsi mwanamke anavyoyajua majina ya wake wenza.

Alizipata kwenye maduka ya rehani na kwenye gereji za watu waliokuwa wakihama. Mara moja aliaga anakwenda Dallas kumpa pole binamu yake aliyefiwa na mkwewe. Kweli alifika, akanywa chai ya watu na akainamisha kichwa wakati wa maombi. Kumbe siku hiyohiyo kulikuwa na maonyesho ya kamera kuukuu mjini Arlington, jirani na Dallas, na Shem alirudi Houston na Nicca ndani ya soksi.

"Wafiwa wanaendeleaje?" Kerubo alimuuliza huku akiitazama ile soksi.

"Wanamshukuru Mungu," Shem alijibu, na akapita zake.

Kerubo alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba siku hizi watu wananunua kamera za dijitali, unapiga na kuiona picha papo hapo. Shem alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Hiyo si kamera," alisema. "Hiyo ni calculator." Basi ikawa kila sherehe ya Wakenya na ya majirani zao Wakongo mpiga picha ni Shem, na kwa kuwa Shem yuko, hakuna mwingine aliyejisumbua kubeba kamera.

Mwaka huo wa 2003 mama yake Kerubo, Mama Dorothea, alikuja kuwatembelea kutoka Nyamira. Kerubo alikuwa na jambo moja tu moyoni. Hakuwa na picha hata moja aliyopigwa pamoja na mama yake. Huko nyumbani mpiga picha alipokuja, Mama alikuwa jikoni akimpikia mpiga picha huyohuyo chai, na chai ilipokuwa tayari filamu ilikuwa imekwisha. Ilikuwapo picha ya baba, ilikuwapo ya kaka zake, ilikuwapo hata ya ng'ombe wa gredi akiwa peke yake, ametulia kama diwani. Kerubo alipanda ndege kuja Amerika bila sura ya mama yake mkobani, na jambo hilo lilimuuma kila alipowaogesha mama za watu wengine kazini.

"Nitapigwa siku ya kuondoka," Mama Dorothea aliahidi, maana hakupenda kupigwa picha. "Mara moja tu, nikiwa nimevaa vizuri. Msinisumbue kabla."

Kerubo akakubali. Alitaka iwe yeye, Mama na Moraa, binti yao aliyekuwa darasa la tatu.

Lakini mjue kwamba kwao Kisii mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Mama Dorothea alikubali kulala kwenye nyumba ya Shem kwa kuwa Houston hakuwa na pengine pa kulala, na hata hivyo Shem akiingia sebuleni yeye alihamia jikoni. Hakumwambia neno moja kwa moja. "Mwambieni Baba Moraa chai iko tayari," alisema, na Baba Moraa amesimama palepale. Siku moja naye aliikuta lenzi kwenye mchele. Aliifuta kwa kanga, akaiweka kwenye kisahani, akaifunika kwa kitambaa kama mandazi, kisha akaendelea kupika.

"Mama, mwambie basi!" Kerubo alimsihi. "Mimi nimesema mpaka mdomo umechoka. Wewe atakusikia."

"Mkwe ni mkwe," Mama Dorothea alisema. "Mimi simkosoi. Hata akikalia moto, nitatafuta mtu mwingine wa kumwambia."

Kerubo alisonya na kwenda kuosha vyombo.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Watu wa kanisa walikuja kumuaga mgeni, wakala, wakajaa mpaka kwenye maegesho ya magari nje ya nyumba. Mama Dorothea alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe na kitambaa kichwani. Kerubo alimnyoosha ile kola. Shem naye aliivaa shingoni ile Canon yake aipendayo kuliko zote, akapiga watu wakila, akapiga masanduku, akapiga mpaka magurudumu ya gari.

"Baba Moraa, please, piga ya Mama kwanza!" Kerubo alimwambia. "Ndege haitungoji."

"Nangoja jua lishuke kidogo," Shem alijibu. "Sasa hivi ni kali."

Na kabla jua halijashuka, Mchungaji Wilondja, Mkongo wa Fizi aliyeishi ng'ambo ya maegesho, akapiga makofi kuwaita watu kwenye maombi ya safari.

Shem alikuwa na desturi yake hapo. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na mtoto aliyekutwa macho wazi wakati wa sala aliyajutia macho hayo. Shem akaichukua sheria hiyo akaitia kwenye kamera pia. Watu wakifumba macho, naye huivika lenzi kifuniko chake cheusi, ili nayo ifumbe. Kerubo aliona ni upuuzi, lakini upuuzi usiokula mchele, akauacha.

"Ee Baba, tunakuya mbele yako," Mchungaji alianza, "huyu mama yetu umurudishe salama, umulinde ku njia ya hewa..." Aliombea ndege. Aliombea rubani na familia ya rubani. Alipita Ulaya akaiombea, akashuka Nairobi, akalitafuta basi la Kisii, na Kerubo akafumbua jicho moja kutazama saa akaona wamechelewa. Liliposikika "Amina" alimshika mama yake mkono mmoja na Moraa mkono mwingine, akawapanga karibu na ua.

"Haya, sasa! Sasa hivi!"

Shem aliinua kamera, akachungulia kidirisha, akawaona wote watatu vizuri kabisa. "Msiniangalie mimi," aliamuru, maana hivyo ndivyo alivyopenda. "Angalianeni. Mama Moraa, mwangalie Mama. Moraa, look at your grandma."

Kerubo akamtazama mama yake. Aliona mikunjo ya macho, aliona kovu dogo la kidevuni alilokuwa amelisahau. Mama tu ndiye aliyeendelea kutazama mbele, kwenye kamera, midomo imemcheza kidogo kama mtu anayetaka kusema neno. Kerubo alidhani ni huzuni ya kuachana. Kamera ikalia, ikalia tena na tena, kisha wakakimbilia garini.

Wiki iliyofuata Shem aliipeleka filamu kwenye duka la kusafishia picha, akarudi, akakaa garini muda mrefu. Kerubo alimwona dirishani, akatoka.

"Ziko wapi?"

Akampa bahasha. Kulikuwa na watu wakila, wazuri ajabu, mafuta ya kuku yakimeta kidevuni mwa Mchungaji Wilondja. Kulikuwa na masanduku. Kulikuwa na gurudumu la gari, limetoka safi, ungeweza kuhesabu mawe yaliyokwama humo. Baada ya gurudumu hakukuwa na kitu. Kerubo aliuinua ukanda wa negativu juani, na sehemu yake ya mwisho ilikuwa tupu kama nailoni.

"Kifuniko," Shem alisema bila kumtazama. "Nilifunika wakati wa maombi. Hii kamera haikuonyeshi, kidirisha kiko wazi hata lenzi ikiwa imefungwa. Nilisahau kufungua. Nisamehe, Kerubo."

Alimwita jina lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Moraa azaliwe. Kerubo alitaka kupiga kelele mpaka Stafford wamsikie. Badala yake aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha jikoni alichokuwa akikaa mama yake, akalia kwa hasira na kwa uchungu, hata hakujua kipi kilizidi. Hakumsemesha Shem mpaka ilipomlazimu.

Alipopata nguvu alinunua kadi ya simu, akapiga Nyamira.

"Mama, zile picha hazikutoka. Baba Moraa hakutoa kifuniko."

"Najua," Mama Dorothea alisema.

"Unajua? Nani amekuambia?"

"Nilikiona. Si nilikuwa naangalia mbele? Kile cheusi kilikuwa palepale."

Kerubo alisimama. "Mama! Mbona hukusema?"

"Ningemwambiaje mkwe wangu mbele ya watu kwamba hajui kazi? Nilitafuta mtu akione mwenyewe, amwambie. Lakini nyinyi nyote alikuwa amewaambia msimwangalie."

Kerubo aliiweka simu mezani na kushika kichwa. Mume hamsikii mtu, mama hamwambii mtu, na yeye katikati yao ndiye asiye na picha. Sauti ndogo iliendelea kuita mezani, "Kerubo, uko? Kerubo?" mpaka dakika za kadi zikaisha.

Miezi michache baadaye muuguzi mwenzake alirudi kutoka likizo Kisii na bahasha ya kahawia. Mama Dorothea, mtu asiyependa picha, alikuwa amekwenda mwenyewe studio mjini. Amevaa lile gauni la bluu. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Amekaa kwenye benchi refu, lakini kwenye ncha kabisa, nusu ya benchi iko wazi. Kerubo aliigeuza picha huku na huku, kisha akapiga simu.

"Mama, mbona umekaa pembeni hivyo? Mpiga picha hakukuambia usogee?"

"Aliniambia sana, mpaka akakasirika," Mama alisema. "Nikamwambia hapo pana mtu."

Kesho yake Kerubo alimfuata msimamizi wake akaomba likizo ya Desemba ili waende Nyamira, na hakuomba kwa sauti ya chini.

Usiku wa kufunga mizigo alimruhusu Shem kamera moja. Shem alichagua Canon ileile, na Kerubo akanyoosha mkono.

"Lete kifuniko."

Shem alikitoa mfukoni kama mtoto aliyenyang'anywa peremende. Kerubo akaifungua ndoo ya mchele, akakisukumia chini kabisa, akafunga.

"Na wakianza kuomba?" Shem aliuliza.

"Wakiomba, wewe fumba macho yako," Kerubo alimwambia. "Kamera iache imwangalie mama yangu."