Mshono Kwenye Ndewe ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na ndewe kubwa kuliko zote kutoka Bagamoyo mpaka Pangani. Kama natia chumvi, basi ni punje moja tu. Matundu yale ya masikio, aliyotogwa utotoni na kupanuliwa mwaka hata mwaka, yalikuwa yanapitisha kikombe cha kahawa. Ndani yake alivaa majasi ya fedha, mapana, aliyoletewa na mumewe, dereva wa lori. Jasi kulia, jasi kushoto, na katikati uso wa kucheka.

Miaka ya kwanza ya uhuru nilimaliza darasa la usiku, mtu mzima na ndevu zangu. Nikawa nasoma kila kitu: makopo ya maziwa, magunia ya sukari, hata karatasi za kufungia njugu. Basi ikaja barua kutoka Chalinze. Shangazi alikuwa barazani anashona kofia, kazi iliyomlisha maisha yake yote.

"Haya, bwana msomi," akasema, "tusomee. Isijekuwa ulikuwa unakwenda kule kusinzia tu."

Nikasoma kwa sauti iliyowafikia samaki wa Mlingotini. Barua zetu mnazijua. Juu salamu nyingi kama mchanga, sisi wazima, hofu na mashaka ni juu yenu, na habari yenyewe inakaa chini kabisa. Msomaji mzoefu huchungulia chini kwanza. Mimi nilikwenda na kidole changu, silabi moja moja, raha imenijaa kama bwana harusi. "Mu-me-o," nikasoma, "a-me-fa-ri-ki." Nikaitamka vizuri mpaka mwisho. Nikainua uso nipongezwe.

Shangazi alishika jasi la kushoto akalivuta mpaka likatoka na nyama yake.

Kidonda kilipona, lakini kila upande kivyake. Vikabaki vipande viwili vya ngozi vinaning'inia, naye akavifunika kwa kanga. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningelala. Nilikuwa nafanya mzaha mtaa mzima, watu wanashika mbavu, halafu naingia nyumbani nasikia silabi zangu mwenyewe zinanisubiri mlangoni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipata ukarani wa hospitali, kuandika majina kwenye kadi. Siku moja shangazi akaniita.

"Mwanangu, hili sikio linanisumbua. Nikigeuza shingo, kipande kinanigusa. Kinanigusa kama mtu anayetaka kuniambia neno. Nageuka, hakuna mtu. Nataka lizibwe."

Moyo wangu ukaruka mpaka darini. Hospitalini kwetu kulikuwa na daktari mgeni, Mzungu, aliyekuja na kichupa cha gundi ya ngozi. Nilimwona kwa macho yangu akigandisha paji la uso la mtoto: akakutanisha kingo za jeraha, akapaka, akabana kwa vidole, basi. Baada ya siku chache gundi ikabanduka yenyewe, na mimi naapa kovu hulioni hata kwa darubini. Nikasema sawasawa, hiyo ndiyo dawa ya sikio la shangazi. Libaki safi, kama vile sikuwahi kusoma barua yoyote.

"Shikamoo, bibi," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kutembelea magongo.

"Marahaba, baba."

Akalitazama sikio, akaligeuza. Akatueleza kwamba hata kwa gundi, hata kwa uzi, lazima kwanza akate kingo zote mbili zitoke damu. Ngozi iliyokwisha kupona haishikani na nyenzake.

Mimi sikuelewa, nikaanza kubisha. Gundi tena ina haja gani ya kisu? Shangazi akanikata kauli.

"Nyamaza wewe. Tundu la kofia kwa nini halizibi? Kwa sababu nimelizungushia uzi pembeni. Ukitaka lizibe, fumua kwanza. Baba, endelea."

Daktari akasema gundi haina sindano, wala nyuzi za kurudi kutolewa, na hufaa pale ngozi isipovutwa. Ndewe, alivyoona yeye, hulaliwa, huvutwa na kanga. Uzi ungeshika vizuri zaidi, ila ungeacha mstari. Kuchagua ni kwa bibi mwenyewe.

"Gundi!" nikadakia. "Shangazi, tutailinda. Nitakaa macho mwezi mzima nikushike kichwa! Hutabaki na alama yoyote, utakuwa na sikio la mtoto wa juzi."

Akanigeukia polepole. Kile kipande kikamgusa shingoni, nikamwona akishtuka.

"Na wewe mbona una haraka hivyo pasiwe na alama?"

Akanitazama mpaka nikainamia kadi zangu.

"Uzi," akamwambia daktari. "Mume wangu hakubanduka mwenyewe. Na ushone karibu karibu, nitakukagua."

Alishonwa. Alipotolewa nyuzi alidai kioo, akasema mishono miwili imekwenda upogo, daktari akaomba radhi kama mwanafunzi. Nyumbani nilimuuliza kama bado anaguswa.

"Hapana," akasema. "Tangu siku ile hajanigusa tena."

Alisema hivyo akitazama barabara, na hakushika kofia yake siku hiyo.

Ikawa nikiwa nyumbani adhuhuri namshikia birika atawadhe. Akifika kupaka maji masikioni, mkono wa kulia unamaliza na kusubiri. Gumba la kushoto linapanda na ule mstari nyuma ya ndewe, linashuka, linapanda tena. Maji yanamwagika miguuni pangu. Mimi, ambaye siwezi kukaa kimya hata msikitini, nasimama hapo na birika mpaka amalize.