Ale Jasho la Nani?

Fundi viatu alikuwa amemzika mkewe miezi mitatu iliyopita, na bado swali moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkewe alifia karibu na tangi la maji, saa saba mchana, juani. Alifuata nini kule? Majirani walisema alikuwa anakwenda dukani. Duka liko upande wa pili.

Hakumwuliza mtu. Fundi si mtu wa maneno. Maneno alikuwa nayo mkewe, na yaliwatosha wote wawili.

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Mwanamke mnene, mcheshi, kicheko chake kikitangulia mlangoni ndipo mwenyewe afuate. Fundi alimwita Mwenzangu. Kwa miaka arobaini na mmoja hakumwita jina lingine.

Mwaka jana miguu ikaanza kumvimba, pumzi ikawa fupi. Wakaenda zahanati pamoja. Nesi akampandisha kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Mama, moyo wako unabeba watu wawili. Lazima upungue. Tembea kila siku, saa nzima. Na usile jasho lako."

Fundi akainua uso. "Nesi, mtu asipokula jasho lake, ale jasho la nani? La jirani?"

Mwenzangu alicheka mpaka mshale wa mizani ukacheza.

"Mzee, nina maana hii," nesi alisema. "Akitembea anachoma kalori."

"Kalori ndiyo nani?"

"Ni nguvu iliyomo kwenye chakula. Mama atatembea, ataichoma. Sasa akirudi akasema nimefanya kazi, acha nijipongeze, akala kile kile alichokichoma, amerudi pale pale. Ametwanga maji kwenye kinu. Saa nzima ya miguu inaliwa na dakika tatu za meno."

Fundi alisikia. Asije mtu akasema hakusikia. Ila neno liliingia sikio hili likatokea lile, kwa kuwa tangu utoto alifunzwa kinyume chake. Baba yake alimwambia mtu ni kula jasho lake, na asiyelila ama ni mwizi ama ni mtumwa. Leo msichana aliyevaa koti jeupe amwambie mke wake asile jasho lake?

Alimshonea viatu vya kutembelea. Turubai juu, soli ya mpira chini, nene, ya kukaa mwaka mzima. Jioni akifunga kibanda wanatoka. Njia yao ilikuwa ya udongo, inafuata ukuta wa shule mpaka mwisho, halafu inazunguka kurudi. Mwenzangu alitembea akihema, huku anaongea. Fundi alitembea akinyamaza. Alizipenda jioni zile. Hakuwahi kumwambia.

Wakirudi, pale kona, kulikuwa na duka la mikate. Mwenye duka walimwita Unga, kwa sababu tangu wamjue nyusi zake zilikuwa nyeupe. Siku ya kwanza Mwenzangu alipita pale jasho linamtiririka shingoni, uso umemshuka kama mtoto aliyenyimwa. Fundi akamhurumia. Akanunua skonzi mbili za siagi, za moto.

"Nesi amekataza," Mwenzangu alisema.

"Nesi hakuliona jasho hili. Kula jasho lako, Mwenzangu."

Akala. Uso ukarudi. Kesho yake Fundi akanunua tena, na kesho kutwa, mpaka Unga akawa akiwaona kwa mbali anafunga skonzi mbili kwenye karatasi na kupaza sauti: "Haya, wanakuja wala-jasho!" Watu barabarani wakacheka, nao wakacheka. Mkono mtupu haulambwi, Fundi alijiambia. Mwanamke ametembea saa nzima, arudi nyumbani mdomo mkavu?

Mwezi ukapita. Zahanati, mizani. Mshale umesimama pale pale.

"Mama, unatembea kweli?"

"Natembea, nesi. Muulize huyu."

"Anatembea," Fundi alisema.

"Na ukirudi unakula nini?"

Mwenzangu alimtazama mumewe, mara moja tu, halafu akamgeukia nesi akitabasamu.

"Mimi mwenyewe mlafi, nesi. Mdomo wangu hauna breki."

Fundi alikuwa ameinamia viatu vya mkewe, vimepangwa chini ya mizani. Maneno yalimfika mdomoni. Ni mimi, nesi, mimi ndiye ninayemlisha. Akayameza. Ilikuwa rahisi kuliko kumeza skonzi.

Jioni ile walipofika kona alisita. Mwenzangu akamshika mkono, akamvuta dukani mwenyewe. "Twende bwana, usininunie. Unga asije akadhani tumeachana."

Basi wakala.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, Fundi aligeuza viatu vya mkewe akashangaa. Kisigino kimelika mpaka kwenye uzi. Soli ya mwaka! Akavibeba hivyo hivyo, uso umemjaa hasira, akaenda mpaka kwa muuza mpira.

"Umeniuzia mpira au mkate?"

"Fundi, mpira ni ule ule unaowatilia watu wote."

"Basi wangu umeoza."

Walirushiana maneno mbele ya wateja. Akanunua mpira kwingine, akamtilia mkewe soli mpya. Na mwezi huo huo, kwenye mizani, mshale ukashuka. Kilo tatu. Nesi alipiga makofi. Fundi alitoka pale kifua mbele.

"Umeona? Jasho ukilila linakupa nguvu ya kutoa lingine."

"Nimeona, mume wangu," Mwenzangu alisema.

Wiki tano baadaye alikutwa ameketi kwenye ukingo wa tangi la maji, ameegemea, mikono magotini, kama mtu anayepumzika. Daktari alisema ni moyo. Ulikuwa umechoka siku nyingi, alisema, ungeweza kusimama hata kitandani.

Sasa miezi mitatu imepita, na binti yao wa pekee amekuja kukaa siku chache, kugawa nguo za marehemu. Alikuwa ametandika kanga sakafuni, magauni yanakwenda huku, mashuka kule. Akavuta viatu vya turubai kutoka uvunguni.

"Hivi nimpe nani, baba?"

"Lete."

Fundi hajui kusoma. Lakini mpe kiatu, atakwambia mwenyewe ni mtu wa namna gani, anakanyagia wapi, anabeba mzigo upande gani. Alivigeuza, akavisogeza dirishani.

Soli zilikuwa zimekwisha. Hizi za pili, za mpira mwingine, za wiki tano tu. Akapitisha kidole gumba. Kwenye mifereji iliyobakia mlikuwa na lami. Si tone moja la bahati mbaya. Lami juu ya lami, tabaka, changarawe imezama ndani yake.

Njia yao ya jioni ilikuwa ya udongo mtupu. Barabara ya lami ni ile inayokwenda kwenye tangi. Na lami jioni ni jiwe, hainati kwenye kiatu. Huyeyuka saa sita, saa saba, jua likiwa utosini.

Alikaa kitako.

"Mama yako alikuwa anatembea mchana."

Binti aliendelea kukunja gauni moja. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Hujaniuliza, baba. Umesema."

"Basi nauliza."

Binti akaliweka gauni chini. "Alikuwa akitembea. Wewe ukiwa kibandani, mchana anaacha cherehani, anatoka. Kila siku. Alianza ile siku nesi alipomwuliza anakula nini."

"Kwa nini mchana? Kwa nini si asubuhi, na kibaridi?"

"Asubuhi ulikuwa unamletea ngozi za viatu azishone. Alisema mchana ndiyo saa pekee huinui kichwa."

Fundi aliviweka viatu mapajani.

"Alikuwa anairudisha skonzi."

Binti alilitazama gauni pale chini.

"Anakula kwa ajili yangu jioni, anaitembelea mchana. Ndivyo?"

"Nilimwambia akukatalie. Nilimwambia, mama, fungua mdomo useme sitaki. Akanicheka. Akasema, mzee wako siku nzima anakaa na miguu ya watu, furaha yake ni moja tu, kuniona natafuna. Nikimkatalia atakula peke yake pale kona, kama mgane."

Neno lile likaanguka kati yao. Binti alijishika mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Na mimi nilijua nikanyamaza," alisema baadaye, sauti ndogo. "Usidhani ni wewe peke yako. Kila nikipiga simu namwuliza, umetembea? Kama namsifu."

"Wewe hukumpa skonzi."

"Baba, daktari alisema hata kitandani—"

"Daktari hakuviona viatu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Fundi alijipapasa shati asubuhi ile kama mtu anayetafuta makombo. Alimgombeza muuza mpira mbele za watu. Alitoka zahanati kifua mbele kwa kilo tatu ambazo mwenzake alizilipia juani. Alimwuliza nesi, ale jasho la nani? Jibu lilikuwepo. La mkewe. Alilila yeye, jioni kwa jioni, akijilamba vidole.

Kesho yake, saa sita na nusu, alifunga kibanda. Mteja aliyekuwa anasubiri kisigino akapiga kelele, "Fundi, wapi tena?" Akamwambia, "Narudi."

Alitembea mpaka kwenye tangi. Hakuwa amewahi kutembea ile barabara saa ile. Lami ilikuwa inang'aa kama imemwagiwa maji, na kila hatua kiatu kilinata, kikabanduka, kikanata. Alisimama mara tatu. Kwenye ukingo wa tangi hakukaa. Alipagusa kwa kiganja, pakamuunguza, akageuka.

Alipokuwa akirudi akapita kona. Unga alikuwa mlangoni, na tangu msiba hakuwa amemwona akipita pale. Alimtazama mzee huyu aliyelowa mpaka kiunoni, akaingiwa na huruma.

"Shikamoo, Fundi. Umetoka wapi na jua hili? Ngoja, ngoja." Akaingia ndani, akatoka na karatasi, skonzi moja, ya moto. "Chukua. Leo zawadi. Si ulituambia mwenyewe? Kula jasho lako, mzee wangu."

Harufu ya siagi ilimfika. Na njaa ilikuwepo, hilo hakujificha, njaa kali ya mtu aliyetembea. Mkono ulinyooka kabla hajauambia. Akaurudisha.

"Marahaba," alisema. "Si langu."

Unga akabaki na karatasi yake mkononi, hajaelewa.

Nyumbani binti alikuwa anafunga furushi la mwisho. Alimwona baba yake akivua viatu kizingitini, akivigeuza, akiangalia chini. Lami mbichi ilikuwa imeshika visigino vyote viwili.

"Baba, umekwenda kule?"

Fundi aliketi.

"Njia ile haina kivuli," alisema. "Hata kimoja."

"Haina, baba."

"Hakuniambia."

Binti akampa maji. Aliyashika bila kunywa, akiangalia viatu vya turubai vilivyobaki pekee sakafuni, vile ambavyo binti hakuuliza tena ampe nani.