Kadi Kutoka Nyarugusu

Mume wangu haoni. Baruti iliyochelewa kulipuka ndani ya duara, shimo walimokuwa wakichimba dhahabu, huko Nyarugusu, ilimpofusha macho yote mawili na kumuua rafiki yake, mtu aliyechimba naye tangu ujana. Tulipohamia Shinyanga mjini alijifunza upya kuandika kwenye kompyuta yake ya zamani, baada ya kuwekewa programu inayosoma maandishi kwa sauti. Kazi yake sasa ni kusikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuviandika. Sauti humjia kwa mtandao, na maandishi huyarudisha kwa njia hiyo hiyo.

Siku moja kompyuta ikaacha kukamata wifi. Nilimnunulia kile kifaa kidogo cha wifi cha kuchomeka pembeni, lakini kila mara alikigonga na kiwiko, mwisho kikavunjikia ndani ya tundu pekee lililokuwa zima. Watu wakatushauri tununue kompyuta nyingine.

"Nyingine maana yake nianze tena kupapasa," alisema.

Sikubishana naye. Alipokuwa akijifunza kupapasa nilikuwepo.

Nikaipeleka kwa fundi. Alifungua kifuniko cha chini akanionyesha kadi ya wifi, kibati kidogo cha kijani chenye nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Akaing'oa, akapachika nyingine ya umbo lile lile. Umeme ulikuwa umekatika na betri yake haishiki chaji, hivyo nikairudisha nyumbani bila kujaribu.

Umeme uliporudi, mume wangu akaiwasha, akasubiri ile sauti. Kimya.

"Imekufa?" akauliza.

Haikuwa imekufa. Kwenye kioo cheusi kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, na ile programu ya sauti ilikuwa haijaamka kumsomea. Nikamsomea mimi: kadi iliyowekwa hairuhusiwi, itolewe.

Kesho yake fundi alinieleza. "Mama, umbo siyo shida. Waliotengeneza hii mashine waliifunga, inakubali kadi chache tu wanazozitambua wao. Tafuteni yenye namba kama hii ya kwenye kibandiko. Mkipata kompyuta ya aina hii hii iliyokufa, kadi yake itakubali."

Nilimweleza mume wangu wakati wa chakula. Alimega ugali, akaushika tu mkononi.

"Ipo moja," alisema mwishowe.

Yeye na rafiki yake walinunua mbili zinazofanana, kwa mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa anafunga ofisi. Ya pili ilikuwa kwa mjane wa rafiki yake, huko Nyarugusu.

"Nitaingiaje kwa yule mama kuomba kadi, na mumewe sikumzika?"

"Ulikuwa hospitali."

"Najua nilikokuwa. Na tangu nitoke?"

Hata hivyo tulipanda basi la Geita, tukaunganisha hadi Nyarugusu, nikiwa na bisibisi ndogo ya fundi kwenye pochi. Mjane alitupokea mlangoni. Alimshika mume wangu mkono, akamkalisha. "Karibu, shemeji." Mume wangu alieleza shida yetu kwa haraka, kama mtu anayeogopa kufukuzwa kabla hajamaliza. Yule mama akaingia chumbani, akatoka na kompyuta iliyofungwa kwenye kanga.

"Itoeni. Haiwaki siku nyingi." Kisha akaketi mbele yake. "Lakini shemeji, mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nilipewa mwili, nikapewa pole. Ilikuwaje kule chini?"

Nilitaka kutoka nje. Mume wangu akanishika nguo.

Akasimulia polepole. Walidhani baruti zote zimeshalipuka, wakateremka. Yeye aliinama kufunga kamba ya buti, mwenzake akatangulia.

"Aliteseka?"

"Hapana. Alikuwa anaongea, akakatika katikati ya neno."

"Anaongea nini?"

"Habari za bati. Kwamba akivuna mahindi lazima aezeke nyumba."

Yule mama aliinua uso akatazama juu. "Nimeezeka," alisema. "Nimeezeka mwenyewe, wala sikujua kwamba naye alitaka." Ndipo akalia, na mume wangu naye akalia, kwa macho yale yasiyoona. Mimi nilikaa katikati yao, nikalegeza skrubu moja baada ya nyingine kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Namba ya kwenye kibandiko ilikuwa ile ile.

Tulipoondoka mume wangu alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Yule mama akajibu kwamba yeye ndiye wa kushukuru.

Tuliporudi mjini fundi aliipachika kadi, ikakubali. Kompyuta ilipowaka na kuanza kusema, mume wangu hakushangilia. Aliweka kiganja juu yake kidogo, kisha akafungua kazi zilizokuwa zimemlundikia. Siku hizi Jumapili mchana humpigia simu yule mama. Wakati mwingine hawasemi mengi. Wanaulizana mvua, wanaulizana watoto, halafu wanabaki kwenye simu, na kutoka upande wa pili nasikia kuku na mtu anayetwanga.